Damu Ile Ile Imemkinga Kaka, Imemuumiza Mdogo Wake

BARUA

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, na wa tatu yuko tumboni, mimba ya miezi 3. Mimi na mume wangu kwetu ni Sengerema, mkoa wa Mwanza, ila kwa sasa tunaishi Mbeya mjini kwa sababu mume wangu alihamishiwa huku kikazi. Mtoto wetu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 9, na hajawahi kunisumbua kwa ugonjwa wa maana. Wa pili ni binti wa miaka 4 na nusu, naye ana sikoseli, ambayo madaktari huiita pia selimundu.

Tuliijua akiwa na miezi 10, tukiwa bado Sengerema. Aliamka asubuhi vidole vya mikono na miguu vimevimba, ngozi imetuna inang'aa, na kila nikimgusa analia mpaka sauti inamkauka. Mama mkwe alimkanda kwa maji ya majani, akasema mtoto amechezewa. Kwenye kituo cha kwanza tulipewa dawa ya maumivu tu tukarudi nyumbani. Hali ilipojirudia mwezi uliofuata ndipo tukafika hospitali kubwa, akapimwa yeye, na baadaye tukapimwa wote wanne. Majibu ninayo hadi leo, nimeyabana ndani ya kadi yake ya kliniki: binti SS, yaani ndiye mgonjwa; mimi AS, mume wangu AS, na kijana wetu mkubwa AS, yaani tumeibeba tu bila kuumwa.

Mwezi uliopita mume wangu alisikia kwenye redio mtaalamu akieleza kwamba sikoseli ni damu ambayo maumbile yaliiweka ili kuwakinga watu na malaria. Tangu siku hiyo anasema vidonge vya kukinga malaria ambavyo binti yetu hupewa kliniki ni kumchosha mtoto bure, na kwamba Desemba tukienda Sengerema hatavihitaji, kwa sababu damu yake inajikinga yenyewe. Mama mkwe amemuunga mkono kwa simu, akikumbusha kwamba kijana wetu mkubwa alikulia kule na alishikwa na homa mara chache tu, wakati watoto wa majirani walikuwa wakikimbizwa hospitali na degedege na kuongezewa damu. Hilo ni kweli, nililiona kwa macho yangu.

Wakati huohuo daktari wa huku Mbeya ametushauri tumwanzishie binti yetu dawa inayoitwa haidroksiyurea, maana mwaka huu pekee amelazwa mara 4, tatu kati ya hizo zikiwa miezi ya baridi. Nilipoiulizia duka la dawa nikaambiwa ni dawa ya saratani, nikarudi nyumbani miguu haina nguvu. Mume wangu anasema kama maumbile yalituwekea damu hii kwa sababu, basi dawa ya kuibadilisha itamwondolea mtoto hata ile kinga.

Lililobaki ndilo linaloniuma zaidi. Mama mkwe anasema ugonjwa huu ni mkosi niliokuja nao, kwamba ukoo wao haujawahi kuwa nao, na ameanza kumwambia mwanawe atafute mke mwingine atakayemzalia watoto wazima. Mume wangu hajasema ndiyo wala hapana. Usiku ninajiuliza: kama kweli mwili wa binadamu umekuwa ukijirekebisha kwa maelfu ya miaka, kwa nini haujauondoa ugonjwa unaomtesa mtoto asiye na kosa? Na huyu aliye tumboni atakuwaje?

Mama wa watoto wawili, Mbeya

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla ya jambo lingine lolote: usimwachishe binti yako vidonge vya kukinga malaria, iwe Mbeya au Sengerema, na hasa Sengerema. Alichosema mtaalamu wa redio ni kweli, lakini kinamhusu kijana wako mwenye AS. Binti yako mwenye SS hakimhusu hata kidogo. Tofauti yao kwenye ile karatasi ya majibu ni herufi moja tu, na mbele ya malaria herufi hiyo ndiyo inayomtenga mtoto anayekingwa na mtoto anayeweza kufa upesi kuliko wenzake. Nilifanya kazi ya uuguzi kwenye wodi za watoto za Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na watoto wa SS walioletwa na malaria wakiwa wamechelewa ni miongoni mwa wale ambao sura zao sijazisahau. Kwa hiyo naomba ulisome jibu hili pamoja na mume wako, taratibu, kwa sababu naona ana akili ya kutaka kuelewa na amekosea mahali pamoja tu.

Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna hemoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni na kuifikisha kila kona ya mwili. Kila mmoja wetu hurithi maagizo ya kuitengeneza katika nakala mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala nzima huitwa A; mwenye AS ana A moja na S moja, na mwenye SS ana S mbili. Katika nakala inayoitwa S kuna badiliko dogo mno, la kiungo kimoja tu katika mnyororo mrefu, lakini badiliko hilo huifanya hemoglobini ishikane na kuwa vijiti vigumu pale oksijeni inapopungua. Zamani tulikuwa tukipima kwa njia ambayo ningependa mume wako angeiona. Unachukua tone la damu ya kidole, unalichanganya na tone la kemikali inayonyonya oksijeni, unalifunika kwa kipande chembamba cha kioo na kuziba kingo zake ili hewa isiingie, kisha unasubiri. Mwanzoni, kwenye hadubini, chembe zote ni za mviringo, zimebonyea katikati kama kidonge cha unga kilichobonyezwa kwa kidole gumba. Muda ukipita, baadhi huanza kuchongoka ncha, zinapinda, na mwisho unaona mundu wa kuvunia mpunga umelala juu ya kioo. Damu ya mtu wa AS nayo hupinda katika kipimo hicho, kwa kuwa tumeinyang'anya oksijeni kwa makusudi. Ndani ya mwili wake, ambamo nusu ya kazi hufanywa na ile nakala nyingine nzima, chembe kwa kawaida hubaki za mviringo naye huishi kama watu wengine.

Sasa mlete mbu. Kimelea cha malaria huingia ndani ya chembe nyekundu, hula hemoglobini iliyomo na kuzaliana humohumo. Katika chembe ya kijana wako, kimelea kinapoanza kula na kutumia oksijeni, chembe hiyo huelekea kupinda, na wengu, ambao baadhi yetu huuita bandama na ambao kazi yake mojawapo ni kuchuja damu, huiona ina kasoro na kuiondoa pamoja na mgeni aliyemo. Tena vimelea vya malaria kali hupenda kujibanza katika mishipa midogo yenye oksijeni kidogo ili vikwepe wengu, na huko mafichoni ndiko hemoglobini ya S inakovizuia kukua. Kijana wako hana dawa ya malaria mwilini. Alichonacho ni nyumba ambayo mwizi akiingia inambomokea.

Binti yako nyumba zake zinabomoka hata bila mwizi. Chembe nyekundu ya kawaida huishi takriban siku 120, lakini ya mtoto wa SS huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana damu yake iko chini muda wote na macho yake huenda yana umanjano. Wengu, ule ule unaomwokoa kaka yake, kwake umekuwa ukizibwa na chembe zilizopinda tangu akiwa mchanga, na kwa watoto wengi wa SS huwa umeshapoteza kazi yake kabla hawajafika miaka 5. Malaria ikimkuta mtoto wa namna hiyo, hata kama vimelea vilivyoonekana ni vichache, huvunja chembe ambazo tayari hazitoshi, na damu inaweza kushuka ndani ya siku moja au mbili hadi moyo ukashindwa. Kumwambia mtoto huyu kwamba damu yake inajikinga ni sawa na kumwambia mtu aliyeunguliwa na nyumba kwamba moto huua kunguni.

Aliyeuona uhusiano huu kwa mara ya kwanza kwa ushahidi wa kutosha ni Anthony Allison, mzungu aliyekulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Oxford, alirudi na msafara wa chuo hicho akawa anachukua damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Akakuta jambo ambalo hakulitegemea: katika jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Viktoria zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na S, ilhali nyanda za juu na sehemu kavu walikuwa chini ya mtu 1 katika 100. Lugha haikueleza tofauti hiyo, wala asili ya kabila. Kilicholingana na ramani yake ni malaria. Aliporudi kuchunguza zaidi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1954, mojawapo ya majaribio yake lilihusu wanaume 30 wa Kijaluo, walioelezwa kuwa ni wa kujitolea, ambao waliambukizwa malaria kwa makusudi: kati ya 15 wenye AS waliopata vimelea ni 2, na kati ya 15 wasio na S waliopata ni 14. Hesabu hiyo hufundishwa vyuoni hadi leo, nami kila ninapoikumbuka huwawaza wale wanaume wenyewe, kwa sababu elimu ninayokupa leo bure wao waliilipia kwa homa. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, wakiwa wamefuatilia watoto majumbani na hospitalini, walionyesha kwamba AS hupunguza malaria ya kawaida kwa karibu nusu, na malaria kali, ile ya degedege na kuongezewa damu, kwa karibu asilimia 90. Kwa hiyo wewe na mama mkwe wako mliona sawasawa pale Sengerema. Mlikuwa mkiangalia kwa macho kile ambacho wengine walikipima kwa miaka.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la usiku, kwa nini mwili wa binadamu haujauondoa ugonjwa huu. Nchi za mbu zilikuwa zikiua watoto wengi mno kabla hawajafikia umri wa kuzaa. Badiliko la S lilipotokea kwa mtu mmoja, maelfu ya miaka iliyopita, wale waliorithi nakala moja walibaki hai wengi zaidi, wakazaa, wakairithisha. Kadiri walivyoongezeka, ndivyo ilivyozidi kutokea kwamba mwenye AS anaoana na mwenye AS, na hapo ndipo anapozaliwa mtoto wa SS. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopima sampuli za damu za watoto wadogo zaidi ya 17,000 wa kwetu Kanda ya Ziwa, ulikuta takriban watoto 20 katika kila 100 ni AS, na 1.2 katika kila 100 wana ugonjwa wenyewe. Fanya hesabu uone: kwa kila mtoto mmoja kama binti yako kuna takriban 17 kama kaka yake. Zamani, pasipo dawa wala chandarua, wale 17 waliopona malaria waliiendeleza nakala ya S kuliko kifo cha yule mmoja kilivyoweza kuipunguza. Wataalamu wa mageuzi huita jambo hili uteuzi asilia, na ni vizuri kuelewa kwamba uteuzi huo hauna mpango wala huruma. Kinachodumu ni kile kilichoacha wazao wengi, na mtoto anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa haonekani machoni pake kabisa. Mume wako anasema maumbile yaliiweka damu hii kwa sababu. Sababu ipo, nimeieleza, lakini sababu ya jambo kuwapo haimaanishi kwamba jambo hilo linamtakia mema kila aliyelirithi. Kumtakia mema binti yenu ni kazi yenu wazazi, na ya daktari wake.

Tena sababu yenyewe inategemea mahali. Ugonjwa huu haufuati rangi ya ngozi, unafuata malaria ya zamani: upo mashariki ya Saudi Arabia, upo Oman, upo India, upo sehemu za Ugiriki, na nyanda za juu za Kenya unakuwa adimu ingawa watu ni Waafrika walewale. Marekani, ambako malaria ilishatokomezwa katikati ya karne iliyopita, takriban mtu mweusi 1 katika kila 13 bado ana AS aliyoirithi kutoka kwa mababu waliochukuliwa utumwani. Kule kinga haimkingi mtu na chochote tena, na ugonjwa umebaki. Ninyi mmefanya safari fupi ya namna hiyohiyo mlipotoka Sengerema kwenda Mbeya. Mmeipeleka damu ya ziwani kwenye mji wa milimani, ambako mbu ni wachache na baridi ni kali, na baridi ni mojawapo ya vitu vinavyobana mishipa na kuamsha maumivu ya sikoseli. Hizo mara 3 alizolazwa miezi ya baridi si bahati mbaya. Juni na Julai avae sweta na soksi kabla hajatoka kitandani, aoge maji ya moto mchana jua likiwa limetoka, na chupa ya maji ya kunywa isimtoke mkononi hata kama haoni kiu, kwa sababu damu iliyokauka maji hupinda upesi. Mkienda Sengerema hatari inageuka: baridi inapungua na mbu wanaongezeka, hivyo chandarua chenye dawa kiingie kwenye begi kabla ya nguo, na vidonge vya kinga mviulizie kliniki mapema ili visiishe mkiwa huko.

Nije kwenye dawa. Kwamba haidroksiyurea hutumika kutibu baadhi ya saratani za damu ni kweli, na aliyekuambia hakukosea, ila alikuacha katikati ya njia. Binti yako alizaliwa bila dalili yoyote, ukamnyonyesha miezi kadhaa akiwa mzima, ndipo akiwa na miezi 10 vidole vikavimba. Unajua kwa nini alichelewa kuumwa? Kila mtoto tumboni hutumia hemoglobini ya aina nyingine, ya kichanga, ambayo haina sehemu inayoharibiwa na S. Baada ya kuzaliwa, hemoglobini hiyo hupungua taratibu na ya kikubwa kuchukua nafasi yake, na mtoto wa SS huanza kuumwa kadiri ile ya kichanga inavyoisha, mara nyingi kuanzia miezi 6 hivi. Huko mashariki ya Saudi Arabia na India wapo watu wa SS ambao kwa kurithi hubaki na hemoglobini ya kichanga nyingi hata ukubwani, na ugonjwa wao kwa kawaida huwa mwepesi zaidi. Haidroksiyurea inafanya kitu kinachofanana na hicho: inauamsha mwili urudie kutengeneza ile hemoglobini ya kichanga. Haileti kitu kigeni. Inairudisha ile damu aliyokuwa nayo siku ulipompakata mara ya kwanza.

Hofu ya mume wako kwamba dawa itamwondolea kinga si ya kipuuzi, na nataka alijue hilo. Madaktari wenyewe waliihofia. Waliogopa kwamba dawa inayoigusa damu na chembe za kinga ingewaacha watoto wa Afrika wazi mbele ya malaria, na kwa sababu hiyo dawa iliyokuwa imeruhusiwa Marekani kwa watu wazima wenye sikoseli tangu 1998 ilikawia kuaminiwa kwetu. Ndipo ukafanyika utafiti katika vituo 4, Kilifi nchini Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa nchini Kongo na Luanda nchini Angola, kwa watoto wa umri wa mwaka 1 hadi 10, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, kuongezewa damu kukapungua, vifo vikapungua, na malaria, ile iliyoogopwa, nayo ikapungua kwa takriban nusu. Binti yako hana kinga ya kupoteza. Anayo ya kupata.

Dawa hii ina masharti yake. Inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, hivyo lazima apimwe damu kama kliniki itakavyopanga, hasa miezi ya mwanzo, na dozi ipangwe kwa uzito wake. Msiinunue kienyeji dukani na kumpa kwa kukisia. Dawa zake nyingine pia, foliki asidi na penisilini kama aliandikiwa, ziendelee mpaka daktari mwenyewe aseme ziachwe. Penisilini watu huidharau kwa kuwa mtoto anaonekana hana homa, na sababu ya kuipewa ni ule wengu uliokufa: bila wengu, bakteria wa nimonia na wa uti wa mgongo humvamia mtoto asiye na mlinzi, na utafiti wa Marekani wa mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kila siku ilipunguza maambukizi makali ya bakteria hao kwa asilimia 84 kwa watoto wadogo wa SS. Ndiyo maana pia homa ya nyuzi 38 au zaidi kwake ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, hata usiku, na hata kama kipimo cha haraka cha malaria kimesema hana. Mdomo ukienda upande, au mkono mmoja ukalegea, msisubiri hata kuchemsha chai.

Jifunze pia kumpapasa wengu, maana kwa baadhi ya watoto kabla haujasinyaa kabisa hujaa damu ghafla. Mlaze chali akiwa ametulia, magoti ameyakunja kidogo, uweke vidole vyako karibu na kitovu upande wake wa kushoto, kisha uvipandishe polepole kuelekea mbavuni. Ukikuta kitu kigumu kinachotokeza chini ya mbavu ambacho jana hakikuwapo, na mtoto amepauka au amelegea, huo ni mwendo wa dharura. Mwombe muuguzi wa kliniki akushike mkono akuonyeshe mara ya kwanza. Wakina mama niliowafundisha hivyo waliwahi kuligundua tatizo kabla yetu sisi wenye sare.

Kuhusu mama mkwe, najua ni mzito kumjibu mtu mzima, na sikushauri umjibu kwa ukali. Karatasi yenyewe inatosha: mtoto wa SS amechukua nakala moja kwako na moja kwa baba yake, hakuna njia nyingine, na mwanawe ameandikwa AS. Nakala hiyo mwanawe aliipata kwa mmoja wa wazazi wake, huenda ni kwa mama mkwe mwenyewe. Anaposema ukoo wao haujawahi kuwa na ugonjwa huu, siamini kwamba anadanganya. Zamani mtoto wa SS alikufa kabla hajapewa jina la ugonjwa, ikasemwa ni homa, ni safura, ni jicho la mtu. Siku moja mkiwa wawili tu, muulize kwa upole kama katika watoto aliowazaa yeye au dada zake yupo aliyekuwa akivimba vidole, au mwenye macho ya manjano, aliyeondoka mapema. Nimewahi kuliuliza swali hilo kwa bibi mmoja wodini, akakaa kimya muda mrefu, kisha akataja majina mawili. Kuanzia siku hiyo ndiye aliyekuwa akimleta mjukuu wake kliniki.

Wazo la mke mwingine, mume wako alipime kwa hesabu ya kwao. Akioa mke kutoka hukohuko nyumbani, mke huyo ana takriban nafasi 1 kati ya 5 ya kuwa AS kama wewe, na AS yake mwenyewe mume atahama nayo kokote aendako.

Mtoto aliye tumboni ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, nafasi 2 kati ya 4 za kuwa AS kama ninyi, na nafasi 1 kati ya 4 ya kutokuwa na S kabisa. Mimba haina kumbukumbu ya mimba iliyotangulia, kwa hiyo kuwa na binti mwenye SS hakuongezi wala kupunguza nafasi ya huyu. Mweleze mkunga mapema kuhusu hali zenu ili apimwe katika wiki zake za kwanza, na msingoje dalili, maana umeshajua zinavyochelewa. Akikutwa na SS ataanza penisilini kabla ya vidole kuvimba, jambo ambalo dada yake hakulipata.

Na liko jambo moja ambalo huenda daktari hakukuambia kwa kuwa hakujua kuwa una mimba. Mjamzito hatakiwi kushika unga wa haidroksiyurea. Usifungue kidonge chake wala kukisaga kwa ajili ya mtoto, na kikimwagika usikifute kwa mikono mitupu. Hadi utakapojifungua na kupata ushauri wa kliniki kuhusu kunyonyesha, kidonge cha kila jioni akitoe baba yake, akiwa amevaa glavu, amnyweshe na maji ya kutosha, kisha aweke alama kwenye kalenda. Anayempa mtoto dawa kwa mkono wake kila jioni ndiye atakayeona mwenyewe, miezi ya baridi ikirudi, kama binti yake analazwa tena mara 4.